Hapana Mtu wa Jina Hilo

Mwalimu wetu wa Mikindani yu hai. Nikimsimulia kwa wakati uliopita ni kwa sababu darasa lake limefungwa, wala si kwa jingine. Nalisema mapema kwa kuwa namjua: akisomewa karatasi hii na kusikia "alikuwa" nyingi mno, atauliza maziko ni saa ngapi na kama kutakuwa na biriani.

Alitufundisha kuandika programu za kompyuta kwa lugha iitwayo C, ambayo hata wakati ule vijana wengi waliiona ya kizee. Chumba kilikuwa nyuma ya saiba moja, duka la kukodisha intaneti, kando ya barabara kuu ya Nairobi, na kila lori la kontena lilipopita likitoka bandarini Kipevu, vioo vya dirisha vilitetemeka na chai ikamwagika kidogo kwenye visahani. Kompyuta zilikuwa sita. Nne zilifanya kazi, ya tano ilifanya kazi ikipenda, na ya sita ilikuwa maiti ambayo Mwalimu hakutaka izikwe, kwa sababu nitakayoieleza.

Wanafunzi tulikuwa watu wazima au tunaokaribia, wengi watoto wa bara. Baba yangu mwenyewe ni dereva wa lori, Mkamba aliyehamia Mikindani kwa kuyafuata makontena. Mwalimu alikuwa mtu wa pwani hasa, na Kiswahili chetu kilimtia ganzi la meno. Akikuita ukaitika "sema", alikuita tena, na tena, mpaka useme "abee" kama u mwanamke au "labeka" kama u mwanamume. Siku nilipomwitikia mamangu "abee" nyumbani, aliniuliza kama nimesilimu.

Sasa, Mwalimu hakuwa na hamu sana na programu inayofaulu. Ikifaulu, alisema, haina la kusema. Ni kama mtu aliyeshiba. Alichopenda ni kusikia programu inasemaje inaposhindwa, na zaidi ya yote inaposhindwa kutafuta jina. Kompyuta hujuana kwa nambari, watu hujuana kwa majina, kwa hivyo programu ikitaka kuongea na mashine ya mbali lazima kwanza iulize: huyu mwenye jina hili, nambari yake ni ngapi? Swali ni moja tu. Lakini kukosa jibu lake, alisema Mwalimu, kuna njia nne, na mtu asiyeweza kuzitofautisha asipewe kompyuta wala simu wala mke.

Tulizikariri kwa sauti kila asubuhi, kama watoto wa chuo cha Kurani wanavyokariri sura fupi. Ya kwanza: hapana mtu wa jina hilo. Ya pili: jaribu tena. Ya tatu: imeharibika, usijisumbue. Ya nne: jina lipo, ila anwani halina. Aliyoiogopa ni ile ya kwanza. Alisema hilo ndilo jibu la kufunga mlango, na hana ruhusa ya kulitoa ila aliyetafuta mpaka akahakikisha. Programu mbovu na watu wavivu hulitoa upesi kwa sababu ni rahisi, na aliyepewa haulizi tena.

Aliyajua hayo kutoka mbali. Ujanani, kabla hajaona kompyuta, alikaa kwenye meza ya kuulizia nambari katika jengo la simu mjini. Watu walipiga wakataja jina, naye akafunua kitabu kikubwa akawapa nambari au akawaunganisha. Kando yake alikaa mwenzake mmoja, mtu wa Likoni, ng'ambo ya feri. Walikuwa kiti kwa kiti, wakila sahani moja, wakiazimana mashati ya Idi. Na kila darasa jipya lilipofika kwenye somo la makosa, Mwalimu alisimulia kisa kilekile cha mwenzake huyo.

Siku moja mamake Mwalimu alizidiwa huko Takaungu. Mjomba akaenda dukani penye simu, akapiga pale kazini, akamtaja mpwawe kwa jina. Aliyepokea ni yule wa Likoni, naye akajibu: hapana mtu wa jina hilo hapa. Hakusema ametoka. Hakusema jaribu tena. Mjomba akaamini, akadhani kijana ameacha kazi au amehamishwa. Mama akafariki adhuhuri, na kwa kuwa Waislamu hawamcheleweshi maiti, alasiri akazikwa. Mwalimu alipata habari siku ya pili, akaenda akakuta udongo mbichi.

"Na mimi nikampa jibu lake," alimalizia, huku akifuta ubao polepole. "Mtu akiniuliza habari za huyo bwana wa Likoni, hapana mtu wa jina hilo."

Hata wale waliokuwa wakicheza na simu chini ya meza waliziweka. Baada ya kisa hicho hakuna aliyesahau tofauti ya jibu la kwanza na la pili, na mimi kwa miaka kadhaa nilimchukia mzee wa Likoni ambaye sikuwahi kumwona.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mtundu kupita sisi. Mwanafunzi akiandika programu ambayo ikishindwa inasema "Kuna kosa" na basi, Mwalimu hakumgombeza. Alimtuma akanunue mahamri kwa mama aliyekuwa akiuza ng'ambo ya barabara, na mama huyo alikuwa ameshaambiwa la kujibu. Mwanafunzi alirudi mikono mitupu.

"Amesemaje?"

"Amesema haiwezekani."

Mwalimu alianza kuuliza kwa upole. Je, mahamri yamekwisha? Mwanafunzi hajui. Hayajaiva? Hajui. Au amekataa kukuuzia wewe kwa sura yako? Hajui. Basi sisi tukae na njaa, tungoje, au twende kwa mwingine? Hajui. Alimwacha asimame na aibu yake kitambo, kisha akamwambia kwamba mtu atakayetumia programu yake atasimama hivyohivyo. Mimi nilitumwa mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani yule mama ana kiburi tu.

Kaimati, zile donge za unga zilizochovywa kwenye shira, zilikuwa udhaifu wake. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na daktari alimkataza, na mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa mkali kuliko daktari. Nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka saiba, kwa hivyo Bibi alitokea bila taarifa, leso mabegani, akasimama mlangoni akivuta harufu. Siku moja aliuliza mbele yetu sote kama kuna kaimati humu ndani.

"Jina lipo," Mwalimu akajibu bila kuinua macho, "anwani halina."

Hakuwa amesema uongo, na alijivunia hilo. Bibi alikwenda moja kwa moja kwenye ile kompyuta ya sita, maiti, akafungua ubavu wake, akatoa mfuko wa kaimati uliokuwa umelala mahali pa vyuma, ndani ya mashine isiyo tena na anwani. Alipofika mlangoni aligeuka akamwambia mumewe kwamba yeye ndiye jibu la tatu: imeharibika. Tulicheka mpaka mwenye saiba akaja kuchungulia.

Alikuwa na kanuni ya hodi. Kwa ada ya watu wake hodi hupigwa mara tatu. Ukikosa jibu unarudi ulikotoka, hungoji wala hugongi mlango kwa mateke. Mwalimu alitaka programu zetu ziwe na adabu hiyo. Ikijibiwa jaribu tena, inyamaze kidogo ijaribu. Ikikosa, inyamaze mara mbili ya pale, ijaribu tena. Baada ya tatu iage. Programu ya kijana mmoja kutoka Kisauni iliuliza jina mara mia kwa pumzi moja, naye Mwalimu akamwambia hivyo sivyo anavyouliza mtu, hivyo ni mbu. "Na ukiondoka baada ya hodi tatu," alituonya, "usiende kutangaza kwamba nyumba ile haina watu. Wewe hukujibiwa tu."

Nyumbani kwake yeye mwenyewe alijibu hodi ya tatu, hata kama kiti chake kilikuwa nyuma ya mlango. Alisema anampima mgeni subira. Bibi alisema ni uvivu.

Kuhusu Likoni alikuwa na visingizio vingi. Alialikwa harusi, akasema feri humzungusha kichwa. Alialikwa hitima, akasema feri. Kisha ikafunguliwa barabara ya Dongo Kundu, na mtu wa Mikindani akaweza kwenda kusini bila kukanyaga feri. Darasa zima tulimgeukia siku hiyo, tumefurahi kumbana. Alifikiri kidogo, akasema barabara mpya haifai kupitiwa na wazee mpaka izoee watu. Tulimcheka. Hatukuona kwamba alikuwa amekasirika kweli, wala kwamba siku ile hakunywa chai yake.

Niseme sasa jinsi alivyoniokoa, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini lililofuata liliniuma.

Katika C makosa ya kawaida huwekwa mahali pamoja, na ipo kauli fupi, perror, ya kuyasoma kwa sauti. Ila makosa ya kutafuta majina, kwa njia ya zamani aliyoanza kutufundisha, hayaendi huko. Yana sanduku lao. Mwalimu alilifananisha na posta: ukikosa barua yako kisha ukafungua sanduku la jirani, utasoma habari za jana zisizokuhusu, au utakuta tupu. Na likiwa tupu, perror husema kwa Kiingereza chake "Success". Yaani umeshindwa, na sababu ya kushindwa kwako ni kwamba umefaulu.

Kosa hilo nililifanya mimi. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya mawakala wa kutoa mizigo, karibu na Kipevu, na nikaandika programu ya kupeleka hati za makontena kwenye mashine ya langoni. Ilifanya kazi miezi mitatu. Asubuhi moja mtandao ukayumba, jina la ile mashine likakosekana kwa muda, na programu yangu ikaandika kwenye kioo: Kutuma kumeshindwa: Success. Karani wetu akasoma neno la mwisho, maana ndilo lililompendeza, akatia tiki. Akaendelea kutia tiki mpaka chai ya saa nne, kisha akarudi akatia nyingine.

Kufika alasiri malori yalikuwa yamejipanga kutoka langoni kuelekea Changamwe, madereva wametandika mikeka chini ya matrela, na hati zao hazijafika popote. Mmoja wa madereva hao alikuwa baba yangu. Alinipigia simu akaniuliza, kwa utaratibu wake wote, ikiwa ofisi yetu inasema mambo yake yamefaulu, mbona yeye bado amelala chini ya gurudumu.

Meneja alinipa mpaka Ijumaa nitafute kazi nyingine. Nilikwenda kwa Mwalimu nikilia. Alinisikiliza, akaniomba nirudie lile neno la mwisho, nikarudia, akavua miwani akacheka mpaka akakohoa. Nilikasirika nikataka kuondoka. Akaniambia nikae, ninywe chai, kesho atakwenda kumwona huyo meneja.

Alikuja kweli, na kanzu, na koti juu yake, na bakora ambayo hakuihitaji. Meneja alidhani ni babu yangu. Mwalimu akasalimia kwa urefu, akauliza hali ya nyumbani na ya kazi na ya joto hili, kisha akasema kosa ni lake.

"Siku ya somo hilo nilisinzia darasani," alisema. "Huyu msichana aliandika alichosikia, na alichosikia ni mkoromo wangu. Ukimfukuza yeye, utakuwa umemwacha mwenye kosa."

Meneja hakuweza kumfukuza mzee ambaye hakumwajiri. Alicheka, akanipa siku mbili za kurekebisha. Mwalimu akavuta kiti akaketi kando yangu, na jioni tukawa tumeitoa ile njia ya zamani tukaweka mpya, ambayo ikishindwa hukutia kosa lake mkononi mwako na ina mfasiri wake wa kulieleza. Tukaitia na adabu ya hodi tatu. Karani akafundishwa kusoma mstari mzima.

Ukweli ni kwamba hakunifunika kwa haki. Alisinzia siku ile, ndiyo, lakini wiki iliyofuata alilifundisha tena, na daftari langu lina somo hilo lote, nimelipigia mstari mwekundu kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisahau tu. Yeye alilijua hilo, akabeba kosa lisilo lake mbele ya mtu asiyemjua. Nilimpenda kwa hilo kama ninavyompenda baba yangu.

Darasa lilifungwa mwenye saiba alipogeuza mahali kuwa duka la vifuniko vya simu. Macho ya Mwalimu nayo yalikuwa yamepungua. Nikawa napita kwao Jumapili baada ya kanisa, kumsomea habari za kompyuta na kubishana naye. Jumapili moja nilimkuta amelala, Bibi yuko uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Aliniambia niketi. Akauliza kama Mwalimu alitusimulia darasani kisa cha mamake na mtu wa Likoni. Nikasema alikisimulia kila mwaka.

"Na husema yeye alikuwa wapi saa hiyo?"

Miaka yote ile, watu tuliofunzwa kuuliza kosa limetoka wapi, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini hakuwa kwenye kiti chake.

"Alikuwa kwetu Kisauni," Bibi akasema. "Barazani, yuwala kaimati zangu. Posa ilikuwa haijaja. Kaka yangu alikuwa ashasikia, akawa apiga simu kazini kwao kumtafuta apate kumpiga. Ndipo yeye akamwambia mwenziwe, leo mwanamume yeyote akiniuliza, mwambie hapana mtu wa jina hilo hapa."

Aliendelea kukuna. Sauti ya nazi ikaendelea, nami sikutaka ikome, kwa sababu ikikoma ningelazimika kusema kitu.

Hapo tu ndipo aliponieleza yaliyobaki. Mtu wa Likoni alifanya alichoambiwa. Mwalimu alipomrukia na lawama mbele ya watu, angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ingemtaja msichana wa Kisauni aliyekaa barazani na mwanamume asiye mumewe. Akanyamaza. Aliacha Mwalimu amwite muuaji mpaka wakahamishwa meza, na hajasema mpaka leo. Bibi naye aliona haya akanyamaza, akaolewa, akazeeka. Na sasa ameletewa habari kwamba mzee wa Likoni amekatwa mguu kwa sukari ileile, na kwamba anauliza kama rafiki yake bado anapenda kaimati.

"Mimi nimemwambia mara nyingi," alisema. "Anigeuzia uso. Mwambie wewe kwa lugha yenu, kabla hatujaitwa maziko."

Nilirudi nyumbani nimemkasirikia Mwalimu wangu, hasira hasa, ya kunikosesha usingizi. Mtu aliyebeba kosa langu bila kuombwa ndiye aliyemtwika mwenzake lake mwenyewe, kisha akalifanya somo, akatufundishia sisi. Wiki mbili sikwenda. Kisha nikafikiri ule mguu, na kwamba jibu la kwanza likitolewa na Mungu halina jaribu tena.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi. Nikapiga hodi, nikapiga ya pili, na kwa ya tatu akaitika kutoka nyuma ya mlango, karibu kiasi cha kunigusa. "Shikamoo," nikasema. "Marahaba mwanangu, umetuhama," akasema. Bibi alikuwa uani na mbuzi yake na nazi yake, mlango wa uani wazi.

Nilimwambia nina swali la kazi. Akachangamka, akavuta kiti.

"Mwalimu, programu nikiiamrisha mimi iseme hapana, mtu akauliza, nayo ikasema hapana. Kosa ni la nani?"

"La aliyeiandika," akajibu hapohapo. "Yenyewe imetii tu. Hilo ni swali la mwaka wa kwanza, kwani wewe..."

Hakumaliza. Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe. Akatazama mlango wa uani, ambako nazi ilikuwa imeacha kukunwa, kisha akanitazama mimi kwa macho yale mabovu.

"Nani kakwambia?"

"Jina lipo," nikasema, "anwani halina."

Nilidhani atanifukuza. Midomo yake ilitaka kucheka ikashindwa. Akashika magoti kwa mikono miwili, na aliposema hakusema nami. Alisema mamake alimwita kwa jina lake na yeye alikuwa ameliondoa kitabuni kwa mkono wake. Alisema kila mwaka aliposimulia kile kisa alidhani mwaka huu ataimaliza sentensi, na kila mwaka akafuta ubao. Bibi alikuwa ameingia. Hakumgusa wala hakumkemea. Alimwekea mapajani kipande cha karatasi chenye nambari ya simu, kimekunjwa mpaka mikunjo imekuwa myeupe, maana alikuwa nacho siku nyingi kwenye pindo la leso.

Mwalimu alinipa simu nimbonyezee. Nikabonyeza, nikaweka sauti juu. Yule mwanamke wa kwenye mtambo akatuambia kwamba mteja wa nambari tuliyopiga hapatikani kwa sasa.

"Wasikia?" Mwalimu akasema, na kidole amekiinua kama darasani. "Kwa sasa. Huyo amefunzwa."

Tukangoja. Alihesabu mwenyewe kwa midomo. Mara ya pili simu ikalia mpaka ikakatika. Akaniambia ningoje mara mbili ya pale, nami nikangoja nikiijua kanuni yake: baada ya tatu angeaga, na nilimjua vya kutosha kujua kwamba hatainuka kupiga tena siku nyingine.

Ya tatu ikapokewa. Kulikuwa na kikohozi, na redio kwa mbali. Mwalimu akatoa salamu, akamtaja mwenzake kwa jina lake lote, lake na la babake, kama wanavyotajwa watu kwenye kitabu cha simu. Akauliza kama yupo.

Upande wa pili redio ikazimwa. Nikaangalia kioo cha simu nione kama tumekatika. Kisha ikaja sauti ya mzee, kavu, isiyo na haraka.

"Hapana mtu wa jina hilo."

Bibi akashika mdomo. Mwalimu akafumba macho, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, na alikuwa analia, ila alikuwa anacheka pia, na ilimchukua muda kupata pumzi ya kusema.

"Basi akija mwambie," alisema, "maneno hayo nilimpa mimi. Yeye hakukosa. Mwambie aliyekosa ni mimi, tangu siku ile."

Tulisikia pua ikifutwa huko Likoni.

"Usikate," ile sauti ikasema. "Nakuunganisha."